Nyumbu Ambao Wangalivuka

Agosti ikiingia, Wahispania wengi hufunga maduka na ofisi zao na kwenda likizo. Mwezi huohuo makundi makubwa ya nyumbu huwa kaskazini mwa Serengeti, yakisukumana kwenye kingo za Mto Mara, upande wa Kogatende na Lamai. Kalenda hizi mbili hazikupangwa pamoja, lakini zinapokutana ndipo vijana wa Tarime na Mugumu walioajiriwa kuongoza watalii hugundua kwamba Kiingereza chao hakitoshi.

Mmoja wao alizaliwa Tarime, si mbali na barabara iendayo Sirari. Nyumbani alisema Kikurya, shule ya msingi ikampa Kiswahili, sekondari ikamwongezea Kiingereza, na Kihispania kikaja akiwa tayari mtu mzima mwenye leseni ya udereva na Landkruza ya kampuni mikononi. Alianza walipoanza wenzake wote, kwenye majina ya wanyama: león, elefante, jirafa, guepardo, hipopótamo. Nyumbu akamfurahisha kuliko wote, maana Wahispania humwita ñu, na ile herufi yenye kiwimbi juu hutamkwa sawasawa na ny yetu. Baada ya misimu michache aliweza kusalimu, kuhesabu, kueleza chakula kiko wapi na choo kiko wapi, na kumtaja kila mnyama mwenye miguu minne.

Hapo ndipo wengi husimama. Tatizo ni kwamba mgeni akimwona simba hahitaji kuambiwa kuwa yule ni simba. Anachotaka kuelezwa ni kile ambacho hakukiona. Kwa nini chui ameshuka mtini kabla hatujafika? Duma angalimkamata yule swala kama asingejikwaa? Nusu ya kazi ya mwongozaji, ukiitazama vizuri, ni kusimulia mambo ambayo nusura yatokee.

Siku moja ya msimu wa kuvuka, magari yalikuwa yamejipanga mbali na ukingo kwenye mojawapo ya vivuko ambavyo waongozaji huviita kwa namba. Nyumbu walishuka, wakanusa maji, wakarudi. Wakashuka tena. Gari moja likaja kwa kasi likasimama karibu mno, na kundi zima likageuka na kukimbilia vichakani. Mama mmoja wa Kihispania aliyekaa kiti cha nyuma akauliza: ¿Habrían cruzado si no hubiera llegado ese coche? Kijana alidaka maneno mawili, kuvuka na gari. Yaliyobaki yalimpita. Jibu alilokuwa nalo kichwani, kwamba ndiyo, wangalivuka, wale wa mbele walikuwa wameshalowesha kwato, halikuwa na njia ya kutokea mdomoni.

Swali hilo alilipeleka jioni kwa mwongozaji mwenzake wa miaka mingi, Mkurya wa Nyamwaga, aliyejifunza Kihispania kwa kusikiliza wageni na kuandika kwenye daftari. Mzee yule alicheka kwanza. "Mura," akasema, "hicho ndicho Kihispania chenyewe. Hayo ya jirafa ni ya watoto."

Somo lilingoja mvua. Aprili na Mei, masika inapokolea na baadhi ya kambi zikafungwa, waongozaji wengi hurudi makwao. Huko Tarime, kati ya palizi ya mahindi na safari za kwenda mnadani, kijana alikaa na daftari lile la kuazima. Ukurasa aliouhitaji ulikuwa na kichwa kilichoandikwa condicional compuesto. Vitabu vingine huliita umbo hilo condicional perfecto. Wageni wa Mexico nao wamesoma shuleni jina refu zaidi, antepospretérito, alilolitunga Andrés Bello, mwanazuoni mzaliwa wa Caracas, katika sarufi aliyoichapisha Chile mwaka 1847. Ukilikata jina hilo vipande unapata kabla, baada na wakati uliopita, vyote vimefungwa pamoja. Linatisha. Lakini kazi yake ni ileile inayofanywa na -ngali- katika Kiswahili.

Mzee wa daftari alikuwa amechagua kitenzi kimoja tu cha mfano: esperar, kusubiri, ambacho kwa Wahispania pia ni kutumaini. Hakuna kitenzi kinachofaa zaidi kando ya Mto Mara. Kinakwenda hivi: habría esperado, ningalisubiri, habrías esperado, ungalisubiri, habría esperado, angalisubiri, habríamos esperado, tungalisubiri, habríais esperado, mngalisubiri, habrían esperado, wangalisubiri.

Angalia kinachobadilika. Esperado haikuguswa hata mara moja. Inafuata nyuma kama trela. Usukani uko kwenye neno la mbele, haber, na huko ndiko nafsi zote zinakokaa. Hata abiria wote wa gari wakiwa wanawake, esperado haibadiliki kuwa esperada, ingawa Kihispania hupenda kugawa karibu kila kitu kati ya jinsia ya kike na ya kiume. Kwa hiyo anayejifunza hana maumbo sita ya kila kitenzi cha kukariri. Ana maumbo sita ya haber, basi, na baada ya hapo kila kitenzi cha kawaida kinaingia bila ubishi. Vinavyoishia -ar hutoa -ado: cruzar, cruzado, llegar, kufika, llegado. Vinavyoishia -er na -ir hutoa -ido: comer, kula, comido, salir, kutoka, salido, dormir, kulala, dormido.

Mwenye akili ataona kwamba wa kwanza na wa tatu wamefanana. Habría ni mimi, na habría ni yeye. Kiswahili hakina shida hiyo, maana ni- na a- hazichanganyiki. Mhispania hutegemea mazungumzo yenyewe, na yakimtatiza hutanguliza yo au él au ella. Dereva anayesimulia kisa cha simba jike na cha kwake mwenyewe kwa pumzi moja afadhali azoee kuvitumia viwakilishi hivyo, vinginevyo wageni watadhani ni yeye aliyetaka kumrukia pundamilia.

Kuna jambo dogo la ulimi ambalo vitabu hulipitia haraka, na kwa Mkurya linastahili kuzungumzwa. Había esperado maana yake ni alikuwa amesubiri. Habría esperado ni angalisubiri. Tofauti yote iko kwenye r moja. Ikiteleza, jambo ambalo halikutokea linageuka kuwa limetokea, na wageni wanaanza kuuliza picha ziko wapi. Sasa, mtu yeyote aliyesoma bweni na vijana wa Tarime anajua utani wa r: kwamba Mkurya ukimwambia alale, yeye anarara. Lugha yake haina l ya kushindana na r, basi r ndiyo iliyopata mazoezi. Kijana wetu, aliyetaniwa kwa r hiyo miaka minne ya sekondari, aliikuta ikimlipa. Hata b ilimpendelea. Ile b laini ya Kikurya, ambayo midomo haifungi kabisa, iko karibu sana na b ya Kihispania inapokaa kati ya irabu, kama katika había. Herufi h hukaa kimya. Kilichomsumbua ni kuzibana b na r pamoja, kwa sababu ulimi wa Kibantu hupenda kuweka irabu katikati, na alikuwa akisema abiría kwa muda mrefu. Dawa aliyopewa ni kutamka Brasil, Brasil, Brasil, kisha abrí, kisha abría, sauti ikipanda kwenye ile í yenye alama.

Yote hayo ni mazoezi ya wiki chache. Ugumu wenyewe uko kwingine, na uko hivyo kwa sababu ya Kiswahili chetu.

Sisi husema: tungalitoka mapema, tungalimwona chui. Alama ileile pande zote mbili. Siku hizi wengi wameiacha -ngali- wakabaki na -nge- kwa kila kitu, tungetoka mapema tungemwona, na bado pande mbili zinalingana. Mhispania hafanyi hivyo. Upande wa sharti hutaka umbo jingine kabisa: si hubiéramos salido antes, na upande wa matokeo ndio unaopokea habríamos. Yaani Si hubiéramos salido antes, habríamos encontrado al leopardo: kama tungalitoka mapema tungalimkuta chui. Mswahili akijitungia kwa kufuata mazoea ya kwao husema si habríamos salido, na mwalimu wa Madrid humkata kwa wino mwekundu.

Lakini hapa pana jambo la kuchekesha. Kosa hilohilo liko midomoni mwa Wahispania wenyewe. Kaskazini mwa Hispania, Bilbao na miji ya jirani, si habría husikika kila siku nyumbani na sokoni, ingawa shule hulipiga vita. Na kuna njia nyingine ambayo hata chuo cha lugha cha huko, Real Academia Española, kinaikubali: kuweka hubiera pande zote mbili. Si hubiéramos salido antes, hubiéramos encontrado al leopardo. Huo ulinganifu ni wa Kiswahili mtupu. Mwongozaji anayejikwaa kwenye habríamos anaweza kukimbilia hubiéramos mara mbili na akawa yuko salama kisarufi. Mzee wa Nyamwaga aliligundua hilo kwa kusikiliza tu, kabla hajawahi kufungua kitabu cha sarufi.

Vitenzi vya ukaidi navyo vipo, na kwa bahati mbaya vinaishi porini. Kuona ni ver, na badala ya -ido hutoa visto: habríamos visto. Kufa hutoa muerto. Kuvunjika hutoa roto, neno ambalo dereva wa Landkruza atalihitaji kabla ya mwaka kwisha. Kurudi, volver, hutoa vuelto. Kusema ni dicho, kufanya ni hecho. Havizidi vidole vya mikono miwili kwa mahitaji ya kazi hii, na ni bora kuvikariri kama majina ya watu kuliko kutafuta kanuni yake. Ndiyo maana daftari lilianza na esperar badala ya ver. Anayeanza na ver, kwa kuwa kuona ndiyo biashara ya Serengeti, hujifunza kwanza umbo lisilofuata njia na kuchelewa kuiona njia yenyewe.

Msimu uliofuata kijana alirudi kazini akiwa na umbo hilo, akagundua kwamba wageni walikuwa wakilitumia tangu zamani karibu naye bila yeye kusikia. La kwanza aliloanza kulidaka lilikuwa la adabu. Nos habría gustado quedarnos un día más, wageni walisema kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kogatende wakisubiri kuondoka: tungalipenda kubaki siku moja zaidi. Gustar ni kitenzi cha kawaida, gustado, wala hakuna majuto makubwa ndani yake. Ni shukrani. Kabla ya hapo alikuwa akiyasikia maneno hayo kama malalamiko na kuanza kujitetea.

La pili lilikuwa la kukisia. Asubuhi moja walikuta ukingo umepondwapondwa na kwato, na hakuna nyumbu hata mmoja. Baadaye mgeni mmoja, akisimulia asubuhi ile, alisema: habrían cruzado por la noche. Hapo hakuna sharti lolote, wala hakuna kilichoshindikana. Anadhania tu: huenda walikuwa wamevuka usiku. Kiswahili hakiwezi kutumia -ngali- hapo, na anayeifuata -ngali- kwa upofu ataelewa kinyume kabisa, kwamba hawakuvuka. La tatu linafanana na hilo, nalo ni la kusimulia ahadi: dijo que a las seis ya habrían cruzado, alisema kwamba ifikapo saa kumi na mbili watakuwa wameshavuka. (Seis yao ni kumi na mbili yetu, mwongozaji asiyekumbuka hilo ataamsha watu usiku wa manane.) Hili ndilo Bello alilokuwa akilifikiria alipotunga jina lake refu: tukio lililo baada ya kauli iliyopita, na bado kabla ya saa fulani.

Magazeti ya Kihispania, hasa ya Amerika ya Kusini, yana matumizi ya nne: los elefantes habrían destruido el maizal, inadaiwa tembo wameharibu shamba la mahindi. Waandishi wa vitabu vya miongozo ya uandishi huyakemea kwa kuwa ni njia ya kuchapisha uvumi bila kuubeba. Mkulima wa Robanda au Natta, ambako tembo kuingia shambani si uvumi, angelishangaa kidogo.

Somo kubwa kuliko yote lakini halikuwa kwenye daftari. Alilipata kwa kuendesha gari.

Chukua kundi la wageni sita. Waliambiwa gari linaondoka saa kumi na mbili kamili, wakabaki wakinywa kahawa na kupiga picha za macheo waliyokwisha kuyapiga jana. Walipofika kwenye mti, magari mengine yalikuwa yakiondoka na chui hayupo. Wanamuuliza dereva nini kimetokea. Kisarufi ana njia mbili. Anaweza kusema si hubierais salido a tiempo, habríais llegado: kama mngalitoka kwa wakati mngalifika. Sentensi haina kosa, kila herufi iko mahali pake, na kila mtu ndani ya gari amesikia kidole kikielekezwa kwake. Au anaweza kusema si hubiéramos salido antes, habríamos llegado. Herufi chache zimebadilika. Mngali- imekuwa tungali-, dereva ameingia ndani ya kosa ambalo si lake, na mazungumzo yanaendelea mpaka chakula cha mchana.

Mzee wa Nyamwaga hakuwahi, kwa kadiri kijana anavyokumbuka, kumtamkia mgeni habríais. Alilijua, alilifundisha, akaliweka kabatini. Kwa mnyama alitumia habría na habrían bila kuhesabu, kwa maana duma hachukii kuambiwa angalikimbia zaidi. Kwa wageni ilikuwa habríamos tu. Na kuna faida nyingine ya vitendo: habríais ni ya Hispania. Mgeni wa Argentina, Colombia au Mexico hana nafsi hiyo kwenye mazungumzo yake. Wenzake huwaita ustedes na kuwapa habrían. Habríamos inafaa kwa wote.

Kuna wakati ambapo kidole kinastahili kuelekezwa. Julai 2025 zilisambaa video za watalii walioshuka kwenye magari yao huko Kogatende na kuwazibia nyumbu njia ya kufikia maji. Kushuka garini ovyo hifadhini kumekatazwa, na kila mwongozaji analijua hilo kabla ya kujua jina la mnyama wa kwanza kwa lugha yoyote. Wageni waliofika baadaye waliulizia video hizo. Hapo sentensi ilihitaji nafsi ya tatu wingi, wazi, bila kumung'unya: si la gente no hubiera bajado de los coches, los ñus habrían cruzado. Kama watu wasingalishuka garini, nyumbu wangalivuka. Ni vigumu kupata mfano ulio bora kuliko huo wa kazi ya umbo hili, na Mto Mara ndio uliouandika.

Uko ukanushi pia, na hapo Kihispania ni chepesi kuliko Kiswahili. Sisi tuna tusingali- na hatungali-, na wazee bado wanabishana ipi ni fasaha. Wao huweka no mbele, wakamaliza: no habríamos cruzado. Kiwakilishi cha kitendwa nacho hutangulia haber: lo habríamos esperado, tungalimsubiri. Kwa kawaida hakuna kinachoingizwa kati ya habríamos na esperado, hata liwe neno dogo kiasi gani.

Huenda Mkurya ana mtaji mwingine asioujua. Kikurya hutenganisha, ndani ya kitenzi chenyewe, jambo lililopita leo na lile lililopita zamani, na mtoto wa Tarime huyabeba hayo yote kabla ya kuanza darasa la kwanza. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba nyakati za Kihispania zimemzidi. Kilichowashinda wengi ni kufundishwa orodha ya wanyama na kuishia hapo, kwa dhana kwamba dereva hahitaji sarufi. Dhana hiyo inawanyima kazi, kwa sababu kampuni zinazopokea Wahispania humtafuta anayeweza kuzungumza siku nzima, siyo anayeweza kutaja majina kwa dakika kumi.

Wakufunzi wa kozi za utalii Mugumu, Musoma na Arusha, hamisheni ukurasa wa haber kutoka mwisho wa kitini uje wiki ya tatu, pamoja na kitenzi kimoja cha kawaida, na wafundisheni wanafunzi habríamos kabla ya habríais. Fanyeni hivyo wakati wa masika, kambi zikiwa zimefungwa na watu wako nyumbani. Wageni wa Agosti huanza kushuka Kogatende wiki ya mwisho ya Julai.